Miti Iliyokufa kwa Adabu

Nilisimama mbele ya hema nikasoma uongo wa dakika nne, kisha nikashuka na watu wakapiga makofi. Haukuwa uongo wa kutunga, ulikuwa ule wa kuacha. Nilisema marehemu Mama Chebet alipenda amani, alipenda mazingira, alifanya kazi na kila mtu bila ubaguzi, na kwamba sisi wa kikundi tutamkumbuka daima. Kabla sijaitwa, mwenyekiti wetu wa zamani, Mzee Wafula, ambaye siku hizi anatembea na fimbo na sikio la kushoto halisikii vizuri, alinishika mkono akaniambia, "Akinyi, sema mambo ya amani. Kwa ufupi. Usiingize vitu vya zamani." Nikamtii, kama nilivyomtii mwaka ule wote. Nikarudi kwenye kiti changu cha plastiki nikiwa nimejikasirikia mpaka wimbo uliofuata sikuusikia. Kwenye mkoba nilikuwa na daftari langu la jalada la bluu, na kurasa nilizokusudia kusoma nilikuwa nimezikunja pembe tangu jana yake. Ni kurasa za siku ambazo mimi na marehemu tuligombana. Sikuzisoma, kwa hivyo naziandika hapa, ingawa sina hakika kama mimi ndiye mtu wa kuandika. Niliishia darasa la nane, na mengi ya mwaka ule niliyaona kutoka upande mmoja tu wa kijito. Nikimkosea mtu ambaye bado yuko hai, aje aniambie.

Mwaka wenyewe ni ule uliofuata fujo za uchaguzi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, napanga chumba kimoja mtaa wa Munyaka, kwenye ploti ya mabati ambayo nusu yake ilikuwa mabati mapya kwa sababu nusu ya zamani ilichomwa. Kazi yangu ilikuwa kufulia watu nguo. Chini ya ploti kulikuwa na chemchemi, maji yakitoka chini ya jiwe mwaka mzima, na bila yale maji mimi sikuwa na kazi. Watu wa ng'ambo ya kijito, wenye mashamba na ng'ombe, nao waliyategemea. Kipande cha ardhi kilichozunguka chemchemi kilikuwa wazi, nyasi na matope, na kuna mtu aliyetokea na karatasi akisema ni chake na anataka kujenga nyumba za kupangisha. Chifu wa wakati huo hakuwa mtu mbaya. Alitukusanya akasema hivi, na nilimwandika neno kwa neno: "Mimi nitakuja mwezi wa pili. Nikipata miti imesimama hapa, nitasema ni mahali pa jamii, nitawatetea. Nikipata kichaka, nitawatetea na nini?" Basi kazi ikawa hiyo. Kupanda miti, na kuifikisha hai mpaka mwezi wa pili.

Tulikutana kila Jumamosi saa nane mchana kwenye darasa la nasari la kanisa. Viti vilikuwa vya watoto. Mzee Wafula, karani mstaafu, mtu mrefu, alikaa na magoti karibu na kidevu, na nyuma yake ukutani kulikuwa na chati ya wanyama wa nyumbani. Kando ya ng'ombe tulibandika sheria zetu. Ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna kutaja kabila. Tulisema "huku", maana yake sisi wapangaji wa Munyaka, wengi tuliotoka upande wa ziwa na kwingine, na tukasema "ng'ambo", maana yake wenyeji wa mashamba. Kila mtu alijua, na kila mtu alijifanya tunaongea juu ya kijito. Tulikaa mmoja wa huku, mmoja wa ng'ambo, kama meno ya zipu. Sala za kufungua zilikuwa mbili, ya huku na ya ng'ambo, na za kufunga vivyo hivyo, na kwa kuwa hakuna upande uliotaka sala yake iwe fupi kuliko ya wenzao, tulianza kuzungumza saa tisa kasorobo. Chai nayo ilikuwa kwa zamu. Wiki ya ng'ambo ilikuwa nyeupe, nzito, na viazi vitamu. Wiki yetu ilikuwa chai ya rangi ya kahawia ambayo watu wa ng'ambo waliishika mikononi kwa heshima mpaka ikapoa.

Sheria ya pili ndiyo iliyotumaliza. Hakuna kumtaja mtu kwa kosa. Ukiwa na lalamiko useme "kuna mwanakikundi." Mimi nilikuwa katibu, si kwa kusoma bali kwa mwandiko, na nakala ya kila kikao ilipelekwa kwa chifu. Kwa hivyo kilichoandikwa hakikuwa na mtu ndani yake. Nakumbuka mama mmoja wa huku alisimama akasema, "Kuna mwanakikundi ambaye mbuzi wake anapenda sana miti yetu."

"Tunashukuru kwa kukumbushwa," Mzee Wafula akasema. "Katibu, andika tumehimizana kuhusu mifugo kwa ujumla."

Mwenye mbuzi alikuwa ameketi palepale, na ndiye aliyetikisa kichwa kukubali kuliko wote.

"Mwenyekiti," akasema Mama Chebet, "hiyo mbuzi si ya ujumla. Hiyo mbuzi iko na mwenyewe."

Watu wakacheka, halafu wakatazama sheria ukutani.

Mama Chebet alikuwa wa ng'ambo, mkulima, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, aliyevaa sweta ya kiume na gambuti hata kanisani. Alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe, na aliitumia kwa watu pia. Nilipangiwa naye mti. Hilo lilitoka kwa kijana mmoja aliyekuja kutufanyia semina ya siku mbili, na kalamu nene za rangi na karatasi kubwa. Alisema kila mti uwe na wazazi wawili, mmoja wa huku na mmoja wa ng'ambo, ili tukitunza mti tutunze na uhusiano. Tulimpigia makofi. Mimi nilipiga, kwa hivyo sina haki ya kumcheka leo, na kwa kweli alikuwa kijana mzuri, alinawa mikono na kula omena na sisi. Tulipanda miti arobaini mvua zilipokolea, ya kienyeji, na kila mmoja ukawekewa kipande cha bati chenye namba na majina mawili kwa rangi. Wetu ulikuwa podo, namba kumi na moja.

Sasa nieleze jinsi miti ilivyokufa, kwa sababu mtu wa mahali pengine hataamini. Haikufa kwa chuki. Ingekuwa chuki ningeielewa, tulikuwa tumeiona mwaka uliotangulia. Ilikufa kwa adabu. Mvua ilipokatika, mama wa huku alitazama mti wake umenyauka akajiambia, nikimwagilia peke yangu, mwenzangu wa ng'ambo ataona namwambia yeye ni mvivu, na alivyo mtu mzuri. Yule wa ng'ambo alitazama mti uleule akajiambia hivyohivyo. Wakakutana njiani, wakaulizana habari za watoto, wakasifu hali ya hewa, na mti ukakauka katikati yao. Wengine walifanya kinyume. Kila mmoja alitaka mwenzake aone ukarimu wake, akaleta samadi mbichi, na mwenzake akaongeza yake juu, na mti ukaungua mizizi. Kila Jumamosi walikaa bega kwa bega kwenye vile viti vidogo wakipeana viazi.

Mimi na Mama Chebet hatukuwahi kufika huko, kwa sababu tuligombana mapema. Ilikuwa siku ya katikati ya wiki, mimi niko chumbani nakunja mashuka ya watu. Chumba changu kilikuwa kitanda, meza, jiko, na kamba mbili za nguo zilizokatiza juu, kwa hivyo mgeni aliingia ameinama kati ya suruali za watu asiowajua. Aliingia hivyo bila hodi, na udongo mkononi, akanisogezea puani.

"Nusa."

"Mama Chebet, shikamoo."

"Shikamoo ni ya baadaye. Nusa hii."

Nikanusa. Ulinuka sabuni.

"Wewe Akinyi unaosha mti ama unaosha shati? Hii mti ilikukosea nini?"

"Ni maji ya kusuuza tu, Mama. Haina sabuni."

"Haina sabuni na iko na povu? Mimi nilifundishwa na ng'ombe, lakini povu naijua."

Nilikana. Daftari la bluu linasema nilikana, na chini yake, kwa kalamu nyingine, linasema mara mbili yalikuwa maji ya kufulia yenyewe, si ya kusuuza, kwa sababu nilichoka kuteka tena. Sikumwambia. Badala yake nilimwambia kwamba nimeona ndama wake akila ncha ya podo letu Jumatatu, na yeye amesimama hapo anaongea na simu. Akasema ndama wake hali podo. Nikasema basi kuna ndama wa ujumla. Hapo nilidhani atacheka, lakini hakucheka. Alinitukana kwa lugha yake, nikamjibu kwa yangu, na jirani zangu wakatoka nje kusikiliza, maana mwaka ule mtu wa huku na mtu wa ng'ambo kupaza sauti halikuwa jambo la kuchekesha. Naye aliona wakitoka. Akashusha sauti, akaketi kitandani juu ya mashuka niliyokwisha kukunja, na gambuti zake na matope yake.

Sijui kwa nini nilimwuliza siku ile. Labda kwa sababu tulikuwa tumeshatukanana na hakukuwa na adabu ya kuharibu. Nilimwuliza, "Siku walikuja kuchoma hii ploti, Mama, ulikuwa wapi?"

Juu yake kulikuwa na shati la mtu likidondosha maji, tone moja moja, kwenye bega la sweta, na hakusogea.

"Nilikuwa nyumbani," akasema. "Nilifunga mlango. Niliwasikia wakipita. Wengine nilijua sauti yao. Nilifunga mlango, nikaketi na watoto, nikasema si mimi."

Halafu akasema, "Na watu yako kule kwenu, wakifukuza wengine, walikuwa wapi?"

Nikamwambia ukweli. Nilimwambia kaka yangu kule nyumbani ana kochi ambalo hakununua, na kwamba nilipoenda Pasaka nilikalia hilo kochi, nikanywa chai, sikuuliza. Mama Chebet akatikisa kichwa taratibu, akainuka, akakung'uta shuka, akaona haliwezi kukung'utwa.

"Hii nitafua mimi," akasema. "Na wewe uache kumwagia mti sabuni."

Alilifua, sikatai. Lakini hatukupatana. Watu hupenda kusikia kwamba baada ya maneno kama hayo watu hukumbatiana, na yule kijana wa semina angependa hivyo. Sisi hatukuaminiana kabisa tangu siku ile. Yeye alipita kila asubuhi kunusa udongo. Mimi nilipita kila jioni kuangalia kama ndama amefungwa. Akiona nimemwaga maji kidogo, aliongeza na kunisema. Nikiona ameweka samadi mbichi, niliitoa kwa mkono na kumsema. Aliuzungushia mti miiba, akasema ni kwa sababu ya mbuzi, nikamwambia ni mbuzi anayelia kama ndama. Podo likaongezeka urefu wa kidole, halafu mkono.

Mwezi wa kumi na mbili, kiangazi kimeingia, nilizunguka chemchemi na daftari nikahesabu. Nusu ilikuwa vijiti. Jumamosi nilisimama nikasema, bila kutaja mtu, kwamba kuna miti imekauka, kwa mfano namba tano. Namba tano ilikuwa ya Mzee Wafula mwenyewe.

Niwe wa haki kwake. Mwenzake wa mti, Mzee Kirwa wa ng'ambo, alikuwa amelazwa hospitali ya misheni kule Plateau mwezi mzima. Mzee Wafula aliniambia baadaye kwamba aliona vibaya kutunza mti peke yake, mwenzake amelala kitandani, kama mtu anayetembea na fimbo ya mgonjwa kabla hajafa. Alimtembelea mara mbili na matunda. Mti hakuupelekea maji. Moyo wake ulikuwa safi, na ndiyo sababu hata leo nikimkumbuka pale amesimama nataka kupiga meza.

"Tusikatane tamaa," akasema siku ile. "Katibu, andika miti inaendelea."

"Inaendelea wapi?" Mama Chebet akauliza. "Inaendelea kukufa? Akinyi, andika majina. Anza na yetu. Andika namba kumi na moja, Mama Chebet ameleta ndama, Akinyi ameleta sabuni. Halafu na wengine waandikwe."

"Mama, hiyo itatuletea vita."

"Mzee, mimi na huyu msichana tunapigana kila siku na hakuna mtu amekufa. Mti yetu pia haijakufa."

Mzee Wafula akanitazama mimi, kwa upole, alivyo. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na hakuna aliyenishika mkono. Niliandika: "Miti inaendelea vizuri na wanachama walihimizwa." Nikapeleka nakala kwa chifu Jumatatu. Mwezi wa kwanza nikaandika hivyohivyo, na mara hiyo hata sikusubiri kuambiwa.

Chifu alikuja mwezi wa pili kama alivyoahidi, na mtu mwenye karatasi alikuja nyuma yake, amevaa viatu visivyofaa matope. Tulisimama mstari, mmoja wa huku, mmoja wa ng'ambo. Chifu alitembea kati ya vipande vya bati akihesabu kwa sauti, na uliokuwa hai ulikuwa mmoja mmoja, kama nuru kwenye nyumba za watu waliohama. Ilifika kumi na miwili. Akafungua faili lake, akatoa karatasi yenye mwandiko wangu, akaisoma polepole, kisha akatazama kijiti cha namba tano.

"Nani katibu?"

Nikainua mkono.

"Ungeniandikia mwezi wa kumi na mbili kwamba inakufa," akasema, "ningewatafutia hata lori la maji. Mimi nilikuwa nasoma hii yako nafurahi."

Sijui kama lori lingekuja. Nimejiuliza miaka yote hii. Malori ya maji yaliahidiwa watu wengi na sikuona yakifika popote, na inawezekana alisema hivyo kwa sababu mwenye karatasi alikuwa anasikiliza. Lakini inawezekana pia alikuwa anasema kweli. Mama Chebet alisema kwa ile sauti ya ng'ombe, "Chifu, huyo aliandika vile aliambiwa." Alisema hivyo kunitetea, na ilikuwa nusu tu ya kweli, kwa sababu alikuwepo, aliniambia niandike vingine, na nilimsikia vizuri.

Chifu alitupatia chemchemi na pale palipokuwa na miti hai, ukanda wa upana wa darasa letu la nasari. Kwingine kote kulizungushiwa waya mwezi huohuo. Leo ni ghorofa nne upande huu na nne upande ule, na chemchemi iko katikati yake kama mtu aliyekaa kwenye kiti ambacho si chake. Maji bado yanatoka, ila si mengi kama zamani, na wanaofua hapo sasa wanapanga foleni. Nimepitia daftari la bluu. Katika ile miti kumi na miwili, tisa ilikuwa ya watu ambao niliandika mahali fulani kwamba wamekosana. Mitatu ilikuwa ya watu wapole kabisa ambao sikuwahi kuwasikia wakigombana, kwa hivyo siwezi kusema ni kanuni. Nasema tu nilichohesabu.

Mazishini, baada ya ule uongo wangu, nilipewa sahani na binti yake, Chebet mwenyewe, ambaye sasa ni mwalimu kule Kimumu na ana sweta nzuri kuliko ya mama yake. Alinipa wali na nyama, na mursik kwenye kikombe, yale maziwa ya kibuyu yenye majivu ambayo mama yake alinilazimisha kuyazoea. Akaketi kando yangu.

"Auntie, hukusema ile ya sabuni," akasema.

Nikaacha kutafuna.

"Mama alitusimulia mpaka tukaijua kwa kichwa. Ya sabuni na ya ndama. Ndama alikula, alikubali. Alisema hapa duniani alikuwa na mtu mmoja tu wa kugombana naye vizuri. Sisi tulikuwa tumengoja uisome. Hata Baba alifunga redio usiku wa jana akasema, kesho mtasikia Akinyi."

"Mwenyekiti alisema kwa ufupi," nikamwambia.

Alinitazama kwa macho ya mama yake yaleyale, akasema, "Na wewe ukaandika vile uliambiwa," kisha akaenda kugawia wengine chakula.

Nimefika nyumbani, nimetoa daftari la vikao, si la bluu, ile nakala ya kikundi ambayo hakuna aliyewahi kuniomba. Kuna ukurasa mmoja mweupe nyuma. Nimeandika hivi, na nitapeleka nakala kwa Chebet na nyingine kwa Mzee Wafula, nimsomee upande wa sikio linalosikia.

Namba tano: Mzee Wafula na marehemu Mzee Kirwa. Umekauka. Walioneana huruma.

Namba kumi na moja: Akinyi na marehemu Mama Chebet. Akinyi alimwaga sabuni, mara mbili, akakana. Mama Chebet alileta ndama, akakana. Mama Chebet alifunga mlango, akasema. Akinyi alikalia kochi, akasema. Mti uko hai, umepita ghorofa ya kwanza. Mzazi mmoja amebaki, na kesho asubuhi ataenda kunusa udongo.